Dondoo muhimu: Kahawa, maharage na bakteria wa tumboni

Robusta ya Karagwe na Kyerwa ina asidi ya klorojeni nyingi kuliko arabika. Unywe kikombe au utafune akamwani (buni za kutafuna), sehemu kubwa ya asidi hiyo hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa. Bakteria wa utumbo mpana ndio huivunjavunja, kisha vipande vidogo vikaingia kwenye damu. Bakteria hutofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo mke na mume huenda wasifaidike sawa kwa birika moja la kahawa.

• Walishe bakteria wako: ndizi za kupika na maharage zina nyuzinyuzi wanazozipenda.

• Maharage yakikujaza gesi, bakteria wako kazini. Punguza kipimo, usiyaache.

• Antibayotiki huua hata bakteria wa faida; usizinunue bila cheti cha daktari.