Ni Nani Aipimaye Nchi na Kusema Bado Yaendelea?



Mara nyingi barazani na katika redio utasikia ikisemwa kwamba Kenya ni moja katika nchi zinazoendelea. Neno hili tumelizoea hata hatuulizi tena: aliyesema ni nani, naye ametumia kipimo gani? Yafaa kuuliza, kwa sababu jina ambalo nchi hupewa huko ng'ambo laweza kugusa bei ya maharagwe na maua yatokayo katika mashamba yetu.

Kwanza fahamu kwamba hakuna mizani moja. Mahindi yako hupimwa kwa kilo, maziwa kwa lita, na ng'ombe mnadani mara nyingi hupimwa kwa macho tu. Hali ya nchi ni hivyo hivyo: kila mpimaji na kipimo chake, na kila kipimo kina kazi yake.

Benki ya Dunia hupima pato. Huchukua mapato yote ya nchi kwa mwaka, huyagawanya kwa idadi ya watu, kisha kila tarehe 1 Julai hutoa orodha yenye makundi 4. Katika orodha ya Julai 2025, nchi ambayo pato la kila mtu halikuzidi dola 1,135 kwa mwaka iliwekwa kundi la chini. Kutoka dola 1,136 hadi 4,495 ni kundi la pili, na iliyopita dola 13,935 iko juu kabisa. Kenya imo katika kundi la pili, pamoja na Tanzania iliyoingia mwaka 2020. Uganda ilikuwa bado katika kundi la chini. Tangu mwaka 2016 Benki yenyewe iliacha kuigawa dunia katika vitabu vyake vya takwimu kuwa nchi zinazoendelea na zilizoendelea. Nadhani ilifanya vyema, kwa maana Malawi na Mexico haziwezi kukaa kapu moja.

Lakini angalia kasoro ya kugawanya. Tuseme katika skimu kuna wakulima 10. Mmoja hukamua lita 100 kwa siku, na wale 9 hukamua lita 2 kila mmoja. Jumla ni lita 118, na ukigawanya utaambiwa kwamba kila nyumba ina karibu lita 12! Mambo ya Guinea ya Ikweta yalikuwa kama hayo. Mafuta yalipochimbwa nchi ilipanda hadi kundi la juu la Benki, na huku wananchi wengi walibaki maskini.

Kasoro nyingine ni ya hesabu yenyewe. Mwezi wa Septemba 2014 Serikali yetu ilipanga upya hesabu ya uchumi, ikatumia mwaka 2009 kuwa msingi badala ya 2001. Uchumi ukaonekana kuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 25 hivi, na kwa hesabu hiyo Kenya ikavuka mpaka wa kundi la chini. Usiku ule hakuna ng'ombe aliyeongeza maziwa. Ni kama mtu aliyekuwa akiandika mahindi peke yake katika daftari, kisha akakumbuka kwamba ana kuku na nyuki pia.

Umoja wa Mataifa una orodha yake ya nchi zilizo nyuma kabisa, iliyoanzishwa mwaka 1971 na nchi 25. Hapo pato halitoshi. Huangaliwa pia afya na elimu ya watu, na tena jinsi nchi inavyoweza kuumizwa na misukosuko kama ukame au kuanguka kwa bei. Kila baada ya miaka 3 orodha hukaguliwa. Botswana ilitoka mwaka 1994, ya kwanza kabisa, na São Tomé na Príncipe ilitoka Desemba 2024, zikabaki 44. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo humo. Kenya haijapata kuwamo hata siku moja.

Katika Shirika la Biashara la Dunia mambo ni ya ajabu kidogo, maana huko nchi hujitaja yenyewe kwamba inaendelea, ili ipate nafuu katika masharti ya biashara. Korea ya Kusini, pamoja na viwanda vyake vyote, ilijiita hivyo hadi mwaka 2019 iliposema haitaomba tena nafuu hizo katika mazungumzo mapya. China ilisema maneno kama hayo mwaka 2025.

Sasa tuje shambani. Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu bidhaa za zile nchi zilizo nyuma kabisa ziingie bila ushuru, isipokuwa silaha. Tarehe 1 Oktoba 2014 nafuu ya Kenya ilikoma kwa sababu mkataba wa biashara ulikuwa haujakamilika. Maua yetu yakaanza kutozwa ushuru huko Ulaya, na maua ya Tanzania na Uganda yakapita bure. Usidhani kwamba ile hesabu mpya ya Septemba ndiyo iliyoleta ushuru. La! Sababu ni kwamba hatukuwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa. Hali hiyo ilidumu hadi karibu na mwisho wa Desemba.

Baadaye Kenya ilifanya mapatano yake yenyewe na Umoja wa Ulaya, yakaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kwa mapatano hayo bidhaa zetu huingia bila ushuru hata kama hatumo katika orodha ile. Nasi kwa upande wetu tutafungua soko letu polepole, na baadhi ya mazao ya kilimo yamewekwa kando ili yasishindanishwe na ya Ulaya.

Lakini shehena haipati nafuu hiyo mpaka ithibitishwe kwamba imetoka Kenya. Kwa hiyo usikasirike chama chako kikitaka namba ya shamba, siku ya kuvuna na uzito wa kila kreti. Andika mambo hayo katika daftari siku ile ile ya kuvuna, kabla lori halijaondoka.