Baada ya Kilo Kupungua: Chakula na Mazoezi ya Kudumisha Uzani

Anayeanza kupunguza uzani hakosi mawaidha. Kliniki humwambia apunguze sukari na mafuta, jirani humhimiza atembee, na kila mtu ana lake la kusema kuhusu maji ya ndimu. Siku anapofikisha kilo alizokusudia, mawaidha hukoma na pongezi huanza. Wengi huanza kunenepa tena hapo, na mara nyingi bila kula zaidi ya walivyokuwa wakila zamani.

Chukua mfano wa mama mwenye kibanda cha nguo sokoni. Alikuwa na kilo 92, na kwa miezi kadhaa ya bidii amefika kilo 80. Zile kilo 12 zilikuwa mzigo alioubeba kutwa, kila alipoinuka na kila alipopanda ngazi, na kuubeba kulitumia nguvu. Sasa haupo. Watafiti nchini Marekani wamekadiria kwamba kwa kila kilo moja inayopungua, mwili hutumia kilokalori 20 hadi 30 chini ya awali kwa siku. Kwa kilo 12, hizo ni kilokalori 240 hadi 360, yaani chapati moja au zaidi kidogo, kulingana na ukubwa wake na mafuta yaliyotumika. Akirudia sahani yake ya zamani, chapati hiyo itakuwa ya ziada kila siku.

Njaa nayo huongezeka. Makadirio hayo hayo yanaonyesha kuwa hamu ya chakula hupanda kwa karibu kilokalori 100 kwa siku kwa kila kilo iliyopungua. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, hushuka. Grelini, inayotoka tumboni na kuamsha njaa, hupanda. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011 uliwakuta washiriki wakiwa bado na mabadiliko hayo mwaka mmoja baada ya kupunguza uzani. Basi anayesikia njaa kuliko zamani asiitwe mlafi.

Hata hivyo, hawezi kuendelea kula kama wakati wa kupunguza. Anayepungua nusu kilo kwa wiki huwa anakula takriban kilokalori 500 chini ya mahitaji yake ya siku. Pengo hilo lisipozibwa, ataendelea kukonda, au atachoka na kuacha mpango wote kwa usiku mmoja wa sherehe. Dawa ni kurudisha chakula polepole: kilokalori 150 hivi kwa siku, kisha kungoja wiki mbili na kutazama mizani kabla ya kuongeza tena. Mayai mawili ya kuchemsha ni nyongeza ya kiasi hicho. Ndizi mbivu moja na kikombe kidogo cha maziwa mala pia hukaribia hapo. Ndengu, maharagwe na omena ni bora zaidi kwa sababu protini hushibisha kwa muda mrefu.

Sukari ya chai ndiyo isiyofaa kurudi. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 36 za sukari na zaidi ya kilokalori 140. Hatua nzima ya nyongeza imeishia kwenye chai, na tumbo bado linadai chakula.

Nyumbani, mboga zichukue nusu ya sahani, iwe ni sukuma wiki, managu au kunde. Ugali ukatwe mara moja na uliobaki ubaki jikoni, maana kumega kidogo kidogo kutoka katikati ya meza hakuna kipimo. Kuruka chakula cha mchana ili kufidia cha jana si njia nzuri. Jioni njaa hulipiza.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yale ambayo mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Anayedumisha uzani alenge juu ya kiwango hicho. Sajili moja ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994, ya watu waliopunguza angalau kilo 13 na kukaa hivyo mwaka mzima, inaonyesha kwamba kwa wastani hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Si lazima saa hiyo iwe ya mfululizo. Mama wa kibanda anaweza kushuka matatu kituo kimoja kabla ya soko, asubuhi na jioni. Kulima pia ni mazoezi, ila mkulima akumbuke kuwa msimu wa jembe huisha na sahani hubaki vilevile.

Mara mbili kwa wiki misuli nayo ifanyishwe kazi, kwa sababu kilo zinapopungua misuli pia hupungua. Kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika, kusukuma ukuta, na kuinua mtungi wa lita 5 kunatosha kuanzia.

Kujipima kuwe mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile. Ya kituo cha afya na ile ya kando ya barabara huenda zisikubaliane. Kilo moja hupanda na kushuka kwa sababu ya maji, chumvi au hedhi. Huyu wa kilo 80 ajiwekee mpaka wa 82: akiupita wiki mbili mfululizo, arudie kipimo cha kupunguza kwa muda.

Wenye kisukari au shinikizo la damu wanahitaji uangalifu zaidi. Dawa iliyopimwa kwa mwili wa kilo 92 inaweza kuwa kali kwa mwili wa kilo 80. Kutetemeka, jasho la ghafla au kizunguzungu anaposimama ni sababu ya kufika kliniki mapema na kitabu chake. Asipunguze wala asiache dawa mwenyewe. Naye anayezidi kukonda hata baada ya kurudisha chakula apimwe, kwa kuwa kifua kikuu na kisukari pia hupunguza uzani.