Kusahihishiwa Habari Mtandaoni: Haki ya Aliyechafuliwa Jina

Kifungu cha 35(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari ya uongo au ya kupotosha inayomwathiri. Haki hiyo haichagui mashuhuri. Mwenye duka la mchele mjini Wang'uru, Mwea, anayo sawa na waziri.

Mfano wa kufikirika, ulio karibu na maisha ya Mwea, ni huu. Tovuti ya habari inaandika kwamba kuna wauzaji wanaochanganya mchele wa pishori na ule wa bei rahisi kutoka nje, kisha inaweka picha ya duka lisilohusika. Jina lililo juu ya mlango linasomeka wazi, na wateja wa Nyeri na Nairobi wanaacha kuagiza. Huenda habari yenyewe ni ya kweli na kosa ni picha tu. Basi mwenye duka anadai picha iondolewe na kosa litajwe. Hana haki ya kutaka habari nzima ifutwe kwa sababu imemuudhi.

Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 ilikuja na kanuni za maadili zinazotaka habari yenye kosa isahihishwe upesi, na masahihisho yatoe ukweli bila kulirudia kosa, ila pale ambapo msomaji hataelewa vinginevyo. Mhariri wa mtandaoni ana kishawishi ambacho mwenzake wa gazeti la karatasi hana: kubadilisha maneno kimyakimya. Huko si kusahihisha. Waliosoma asubuhi na kuisambaza habari katika makundi ya WhatsApp wanabaki na uongo uleule. Masahihisho ya haki hukaa juu ya habari ileile, huwa na tarehe, hutaja kilichobadilishwa, na hupelekwa pia kwenye kurasa za mitandao ya kijamii ambako kosa lilisambazwa.

Kazi ya kwanza ya mlalamishi, hata kabla ya kumpigia mhariri simu, ni kuhifadhi ushahidi, kwa kuwa ukurasa unaweza kutoweka jioni hiyohiyo. Skrinishoti ionyeshe anwani ya ukurasa, tarehe na saa. Kesi ikifika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji hati inayoeleza jinsi nakala hiyo ya kielektroniki ilivyopatikana. Kisha iandikwe barua kwa mhariri: inukuu sentensi au itaje picha yenye kosa, iambatanishe uthibitisho, na ieleze masahihisho yanayotakiwa. Barua fupi yenye ushahidi ina nguvu kuliko kurasa tatu za hasira.

Mhariri akikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Malalamishi iliyo chini ya sheria hiyo ya 2013, kwa maandishi au kwa mdomo. Tume inaweza kuamuru masahihisho na kuomba radhi, na kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa chombo cha habari na 100,000 kwa mwanahabari. Njia hii inawahusu wanahabari na vyombo vyao. Jirani aliyeandika kwenye ukurasa wake binafsi hayumo.

Kwa huyo, na kwa mchapishaji mkaidi, iliyobaki ni mahakama. Kashfa ilikoma kuwa jinai mwaka 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo kesi ni ya madai. Mahakama ya Madai Madogo haisikilizi kashfa. Mkazi wa Mwea huanzia kwa hakimu, kama vile katika Mahakama ya Wang'uru. Mchapishaji aliyeomba radhi mapema anaweza kupunguziwa fidia, kwa hiyo inamfaa hata yeye kusahihisha bila kusukumwa.

Muda ndio unaowaponyoka wengi. Kesi ya kuchafuliwa jina hufunguliwa ndani ya miezi 12, na kusubiri majibu ya mhariri hakuongezi hata siku moja.