Je, Njia Hizi Mbili Zafikia Faili Moja?

Somo la kompyuta kwa walimu na wanafunzi wa sekondari

Mtu aliyeko Dar es Salaam akiambiwa "nenda Kilwa", hajaambiwa neno la kutosha. Pwani ya kusini ina Kilwa tatu: Kilwa Kisiwani, mji wa kale aliofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, Kilwa Kivinje, bandari iliyostawi katika karne ya 19, na Kilwa Masoko, yalipo makao makuu ya wilaya siku hizi. Kwa upande mwingine, mahali pamoja paweza kuwa na majina zaidi ya moja. Wareno walioushambulia mji wa Kisiwani mwaka 1505 waliuandika Quiloa, na ndivyo unavyoonekana katika ramani nyingi za zamani. Basi jina moja laweza kuelekeza mahali patatu, na majina mawili yaweza kuelekeza mahali pamoja. Mwenyeji wa huko hapati taabu, maana anaijua nchi. Kompyuta haiijui nchi. Inaziona herufi tu.

Katika makala haya tutajifunza namna ya kuiuliza kompyuta kama njia mbili, zilizoandikwa kwa namna mbalimbali, zinafikia faili moja au mafaili mawili. Tutatumia lugha ya Python, iliyotolewa kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, kwa kuwa ni nyepesi kwa programu fupi fupi na inapatikana bila malipo. Swali lenyewe laonekana dogo, hata vitabu vingi hulipita kwa mistari miwili. Lakini programu inayolijibu vibaya yaweza kufuta nakala ya pekee ya kitu kisichoweza kupatikana tena.

Tuchukue mfano mmoja tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Tuseme chama cha sayansi cha shule moja ya wilaya ya Kilwa kinakusanya picha za magofu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mmomonyoko na kubomoka kwa kuta, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Picha ya ukuta ambao umekwisha kuanguka haipigwi mara ya pili. Kwa hiyo chama chetu kina sababu nzuri ya kutunza mafaili yake kwa uangalifu.

NJIA NI NINI?

Aliyepata kuingia katika masjala ya ofisi anajua kwamba jalada halitafutwi kwa jina lake peke yake. Hutajwa kwanza kabati, kisha droo, kisha jalada. Njia ya faili katika kompyuta ni maelezo ya namna hiyo hiyo, yaani majina ya folda moja baada ya nyingine yakitengwa kwa mkwaju:

/picha/kisiwani/gereza.jpg

Mkwaju wa mwanzo una maana kwamba tunaanzia kwenye shina la mafaili yote. Njia ya namna hii huitwa njia kamili, na maana yake haibadiliki popote ulipo. Lakini tukiandika kisiwani/gereza.jpg bila mkwaju wa mwanzo, tumetoa njia inayoanzia pale ilipo programu wakati huo, katika folda yake ya kazi. Maneno "vuka maji" yatamfikisha aliyeko Masoko Kilwa Kisiwani, na yatamfikisha aliyeko Magogoni, Dar es Salaam, Kigamboni. Wote wawili wametii agizo lile lile. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulinganisha njia za namna hii hapana budi kuzikamilisha kwanza. Katika Python kazi hiyo hufanywa na os.path.abspath.

Kuna pia alama mbili za nukta. Nukta moja ina maana ya "hapa hapa", na nukta mbili zina maana ya "rudi folda moja nyuma". Msafiri atokaye Nangurukuru akaenda Masoko, akarudi Nangurukuru, kisha akaelekea Lindi, mwisho wa safari yake ni ule ule wa mtu aliyetoka Nangurukuru moja kwa moja mpaka Lindi. Hebu tutazame Python inasemaje juu ya jambo hilo:

import os.path
a = "/picha/kisiwani/gereza.jpg"
b = "/picha/masoko/../kisiwani/gereza.jpg"
a == b
os.path.normpath(a) == os.path.normpath(b)

Mstari wa nne hujibiwa False, yaani si kweli, kwa sababu alama == hulinganisha herufi kwa herufi, na herufi hazifanani. Mstari wa tano hujibiwa True, yaani kweli, kwa kuwa normpath huzisafisha njia kwanza: huondoa nukta zisizo na kazi, mikwaju iliyorudiwa, na kila safari ya kwenda na kurudi.

MTEGO WA VIUNGO

Mwanafunzi mwepesi atasema hapa kwamba mambo yamekwisha. La, hayajaisha. Folda yaweza kuwa kiungo, yaani jina lisilokuwa na kitu ndani yake ila njia ya kwenda kwingine. Tuseme chama kimeweka kiungo /picha/wiki kinachoelekeza /hazina/2024/juni. Sasa fikiri juu ya njia hii:

/picha/wiki/../kisiwani

Ukiisafisha kwa kufuta maandishi, unapata /picha/kisiwani. Lakini kompyuta ya Linux inapoitembea njia hiyo kwa kweli, huingia kwanza katika kiungo na kujikuta /hazina/2024/juni. Hapo ndipo inaporudi folda moja nyuma, ikawa /hazina/2024. Mwishowe hufika /hazina/2024/kisiwani. Ni mahali pengine kabisa! Kwa hiyo normpath, pamoja na usafi wake wote, yaweza kutudanganya. Sehemu ya Python iitwayo pathlib, iliyoongezwa mwaka 2014, ina tahadhari zaidi: huondoa nukta moja moja na mikwaju ya ziada, lakini huziacha nukta mbili kama zilivyo. Atakaye ukweli na atumie os.path.realpath, ambayo huitembea njia hatua kwa hatua ikifuata kila kiungo mpaka mwisho wake.

HERUFI ZIFANANAZO MACHONI

Katika Windows, Gereza.jpg na gereza.jpg kwa kawaida ni faili moja. Katika Linux ni mafaili mawili. Chama kikihamisha folda kutoka Linux kwenda kwenye flashi ya kawaida, ambayo haitofautishi herufi kubwa na ndogo, picha ya pili yaweza kuandikwa juu ya ya kwanza bila neno lolote la kuaga. Tena Windows hutumia mkwaju uliogeuzwa, \, pale wengine wanapotumia /. Kazi ya kusawazisha mambo hayo ni ya os.path.normcase, nayo katika Linux haibadilishi kitu.

Lipo tatizo jingine ambalo vitabu vya kigeni havilitaji, ingawa ni letu hasa. Katika Manispaa ya Lindi kuna kata ya Ng'apa. Ritifaa ya jina hilo ikiandikwa kwa kibodi bila kupambwa, huwa na namba 39 na hukaa katika baiti moja. Programu za kuandikia barua aghalabu huigeuza ikawa ritifaa iliyopinda, ambayo kwa kanuni ya UTF-8 huchukua baiti tatu. Hivyo Ng'apa ya kwanza ina baiti 6 na ya pili ina baiti 8. Kwa macho ni jina moja. Kwa kompyuta ni folda mbili, na nusu ya picha zitatafutwa katika folda isiyo yake. Wenye majina ya Ng'ombe, Ng'ambo na Ng'anjo mnaonywa.

KILWA NA KILWA-MASOKO

Mara nyingi hatuulizi kama njia mbili ni sawa, bali kama faili limo ndani ya folda fulani. Waandishi wengi wa programu hutazama tu kama njia ya faili inaanza kwa herufi za njia ya folda. Tazama:

/picha/kilwa
/picha/kilwa-masoko/soko.jpg

Mstari wa pili unaanza kwa herufi zote za ule wa kwanza, herufi kwa herufi. Je, soko.jpg limo katika folda ya kilwa? Halimo. Kulinganisha kwa haki ni kulinganisha jina zima kwa jina zima kati ya mkwaju na mkwaju, na ndivyo inavyofanya is_relative_to ya pathlib. Hata upangaji wa orodha huingia katika kosa hili. Kistari kina namba 45 na mkwaju una namba 47. Basi ukipanga njia kama maneno, kilwa-masoko/soko.jpg itatangulia kilwa/gereza.jpg, na yaliyomo ndani ya kilwa yatatenganishwa na folda yao. Ukipanga kwa pathlib, kilwa na yote yaliyomo hutangulia, kisha hufuata kilwa-masoko.

Walimu wataona upesi ubaya wa jambo hili. Tuseme kompyuta kuu ya shule inawaruhusu wanafunzi kusoma mafaili ya folda /masomo tu, na programu inachunguza mwanzo wa njia peke yake. Mwanafunzi mtundu ataandika /masomo/../mitihani/fizikia.pdf. Mwanzo wa njia hiyo ni halali. Mwisho wake ni mtihani wa kesho. Hata is_relative_to haitamzuia, kwa kuwa nayo hutazama maandishi tu. Dawa ni kuipitisha njia katika realpath kwanza, ndipo uulize kama imo ndani ya /masomo.

FAILI MOJA AU NAKALA MBILI?

Sasa tufike kwenye kiini cha habari. Katika mifumo ya jamii ya Unix, iliyoanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani, faili hutambulikana kwa namba yake pamoja na namba ya kifaa linamokaa. Jina ni kibandiko tu, na faili moja laweza kubandikwa majina kadha wa kadha. Mfano mzuri umo katika mkoa huu huu. Mnyama mkubwa wa kale ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 alipewa jina la Brachiosaurus brancai na Werner Janensch mwaka 1914. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Majina mawili, mifupa ile ile iliyoko Berlin. Lakini sanamu ya plasta iliyofinyangwa kwa umbo la mfupa mmojawapo ni kitu kingine, hata kama inafanana nao kabisa.

Swali la "je, ni mfupa mmoja?" huulizwa kwa os.path.samefile, ambayo hulinganisha zile namba mbili na kuyaacha majina. Swali la "je, sanamu inafanana na mfupa?" huulizwa kwa filecmp.cmp, ambayo hulinganisha yaliyomo; nayo yafaa kuambiwa shallow=False, la sivyo huweza kuridhika kwa kuona ukubwa na saa ya kubadilishwa vinalingana. Ni lazima mafaili yote mawili yawepo, ama sivyo Python hulalamika na kusimama.

Anayeyachanganya maswali haya hupata hasara. Programu ya kuondoa nakala za ziada hukuta /picha/kisiwani/gereza.jpg na /picha/wiki/gereza.jpg. Njia hazifanani, yaliyomo yanafanana. Inahukumu kwamba nakala ni mbili na kufuta moja. Kama wiki sasa ni kiungo cha kwenda kisiwani, faili lilikuwa moja tu, na Gereza limekwenda.

Programu ya kunakili nayo ina hatari yake. Hufungua faili la chanzo kwa kusoma, kisha hufungua faili la mwisho kwa kuandika, na kufungua kwa kuandika hulifuta mara moja lililokuwamo. Ikiwa chanzo na mwisho ni faili lile lile, hakuna tena cha kusoma. Kinachobaki ni faili la baiti 0. Waliotunga shutil.copyfile ya Python walilijua hilo, hivyo kabla ya kunakili huuliza swali la samefile, na jibu likiwa kweli hukataa kazi.

JARIBIO NA MASWALI

Jaribio lifanywe katika Linux, kwa faili la maandishi lisilo na thamani. Tengeneza faili a.txt lenye sentensi moja. Kwa os.link lipe jina la pili, b.txt, kwa os.symlink tengeneza kiungo c.txt kinachoelekeza a.txt, kisha nakili a.txt kwa shutil.copyfile upate d.txt.

1. Linganisha a.txt na kila moja ya hayo matatu kwa realpath, kwa samefile na kwa filecmp.cmp. Andika majibu katika jedwali.

2. Futa a.txt. Ni majina gani yanayoweza kusomwa bado, na kwa nini?

Majibu. Swali la 1: kwa b, realpath hutofautiana, samefile ni kweli, yaliyomo ni sawa, kwa c, yote matatu hukubaliana na a, kwa d, realpath hutofautiana, samefile si kweli, yaliyomo ni sawa. Swali la 2: b husomeka, kwa kuwa faili halifutiki mpaka jina lake la mwisho liondolewe; d husomeka, kwa kuwa ni faili jingine; c haisomeki, maana njia iliyobeba haifiki popote.