Chombo cha Kuazima Kikiharibika Mikononi mwa Rafiki

Somo la toleo hili lahusu jambo linaloanza kwa wema na kuishia kwenye meza ya polisi. Mtu humpa rafiki yake pikipiki kwa safari moja. Pikipiki hurudi imevunjika taa na kupinda usukani, naye rafiki husema, "Ilikuwa bahati mbaya, ndugu yangu." Mwenye pikipiki hunyamaza siku mbili, siku ya tatu huja kituoni kutaka rafiki huyo awekwe ndani.

Kabla ya sheria, tuinyooshe lugha. Kiswahili chetu humwachia neno moja, kuazima, yule anayetoa na yule anayepokea pia. Asemaye "tuliazimana pikipiki" hajatueleza bado pikipiki ni ya nani, na karani anayeandika maelezo hulazimika kuuliza tena. Katika somo hili aliyetoa ataitwa mwenye chombo, na aliyepokea ataitwa mwazimaji.

Tuseme mchuuzi wa samaki wa Palma anampa jirani yake pikipiki aende Quionga kumtazama mgonjwa, arudi kabla ya magharibi. Jirani anafika salama. Huko binamu yake anaiomba pikipiki afike Namoto mara moja tu. Njiani pikipiki inateleza mchangani na kugonga mnazi. Binamu hakuumia, lakini pikipiki haiwaki tena. Alipe nani?

Barazani wengi hujibu kwamba aliyeanguka ndiye alipe. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini sheria haianzii hapo. Mchuuzi hakupatana lolote na binamu. Alipatana na jirani yake, na huyo ndiye wa kumjibu. Baada ya hapo jirani na binamu watatazamana wenyewe.

Sheria ya Kiraia ya Msumbiji, yaani Código Civil, huuita mkataba huu comodato: mtu humkabidhi mwenzake kitu bila malipo, akitumie, kisha akirudishe. Hauhitaji karatasi wala mhuri. Kifungu cha 1135 kinamtaka mwazimaji akitunze kitu, asikitumie kwa shughuli nyingine isiyokusudiwa, asikitumie kwa uzembe, na asimpe mtu wa tatu pasipo idhini ya mwenyewe. Kifungu kinachofuata kinasema wazi kwamba aliyevunja sharti la matumizi au aliyempa mtu wa tatu atawajibika kwa hasara, hata kama hasara yenyewe ilikuwa ya ajali. Mlango mmoja tu ameachiwa: athibitishe kwamba hasara hiyo ingetokea vilevile hata kama asingekosea. Kwa jirani wetu mlango huo ni mwembamba mno. Pikipiki ingekuwa imeegeshwa Quionga kivulini, mnazi wa njia ya Namoto usingeifikia.

Wenzetu wa Mtwara wana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961, nayo hufika karibu na hapohapo. Kabla ya mwaka huo Tanganyika ilitumia Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilitoa mfano unaofanana na wetu kwa namna ya kushangaza: mtu ameazimwa farasi ampande yeye peke yake, akamwachia mtu wa nyumbani kwake; huyo akampanda kwa uangalifu, lakini farasi akaanguka kwa bahati mbaya na kuumia. Aliyeazima ndiye anayefidia. Uangalifu wa mpandaji haukumwokoa, kwa kuwa kosa lilitendeka kabla farasi hajapiga hatua, pale hatamu zilipohamia mkono usioruhusiwa.

Sasa tuugeuze mfano. Jirani hakumpa mtu pikipiki. Aliendesha mwenyewe, polepole, kwa njia aliyoitaja, na tawi la mwembe likaangukia tangi. Hapa Código Civil haimtupii mzigo moja kwa moja; huuliza kama alikuwa na uwezo wa kuiepusha hasara. Lakini swali hilo ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu sheria yaongeza: hata kwa kukitoa mhanga kitu chake mwenyewe kisichozidi thamani ya kile alichoazima. Fikiri uani mwako moto umezuka, pana pikipiki mbili, yako na ya kuazima, zenye thamani sawa, na nafasi ni ya kutoa moja. Ukitoa yako na kuiacha ya mwenzio iungue, utawajibika. Nakiri kwamba watu wengi huona sharti hili ni kali. Mimi naliona la haki: yule aliyekupa bila kukutoza hata metikali moja hapaswi kuwa wa kwanza kupoteza.

Na katika mwambao huu wengi hupeleka shauri kwa shehe kabla ya kulipeleka kwa hakimu. Madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi kwetu, huona kitu cha kuazima kimo katika dhamana ya aliyekichukua. Hutegemea tukio la mwaka wa 8 wa Hijra, wakati wa vita vya Hunayni, Mtume alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya na kumhakikishia kwamba ni azima yenye dhamana. Basi kikipotea, hulipwa hata pasipo uzembe, isipokuwa uchakavu utokanao na matumizi yaliyoruhusiwa. Gurudumu lililolika kwa safari iliyokubaliwa halidaiwi. Wahanafi husema ni amana tu, na mwazimaji hulipa akivuka mpaka. Nimeyataja haya kwa sababu watu wawili hukaa mkekani, kila mmoja ana hakika haki ni yake, na kumbe wamesomeshwa na walimu tofauti.

Mwenye chombo naye asijione msafi. Ikiwa breki alijua zimekufa akaficha kwa makusudi, hasara yaweza kumrudia. Sheria ya Tanzania nayo humtaka aeleze kasoro anazozijua. Na akimpa chombo mtu asiye na leseni huku akijua, ataulizwa uzembe wake mwenyewe.

Ipo hali nyingine inayochanganywa na azima. Ukimwambia rafiki, "Chukua gari langu, unifuatie mizigo yangu bandarini," hukumwazima kitu, umemtuma. Gari li katika shughuli yako. Tofauti hii huwa kubwa anapogongwa mtu wa nje, kwa sababu kifungu cha 503 humwangalia yule mwenye mamlaka halisi juu ya chombo na anayekitumia kwa manufaa yake, hata akikitumia kwa mkono wa aliyemtuma. Mwenye gari hawezi kusema, "Sikuwa kwenye usukani," akadhani amemaliza.

Kuhusu bima, yafaa ijulikane kwamba bima ya lazima chini ya Sheria namba 2/2003 ni kwa ajili ya watu wengine wanaodhuriwa na chombo. Haitengenezi taa ya pikipiki uliyoazima. Nimeona sura nyingi zikibadilika rangi zinaposikia hivyo.

Je, polisi hufanya nini? Pakiwa na majeruhi au kifo, jambo ni la jinai. Tuiteni mara moja, wala msikisogeze chombo isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Rafiki akikiuza chombo cha kuazima, au akikificha na kukana kwamba alikipokea, hilo pia ni letu. Lakini taa, tangi na usukani baina ya marafiki wawili ni deni. Askari hamfungi mtu ili alipe deni, na askari atakayewaahidi hivyo kwa fedha anatenda kosa. Mshitakini kwa mkubwa wake. Shauri kama hilo lapelekwa kwa wazee, au katika baraza la jamii lililowekwa na Sheria namba 4/92, au mahakama ya wilaya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili huomba msaada wa IPAJ.

Kwa wanaovuka Ruvuma baina ya Namoto na Kilambo, liko neno moja la ziada. Chombo cha nchi ya pili huingia kwa kibali cha forodha chenye masharti na muda. Kabla ya kumwachia rafiki chombo cha namna hiyo, ulizeni forodhani kama kibali chaendeshwa na mtu mwingine. Na anayekwenda ng'ambo na gari lisilo lake achukue barua ya mwenye gari, yenye jina, namba ya gari, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Ajali ikitokea upande wa Mtwara, taarifa hutolewa kwanza kwa polisi wa Tanzania, na nakala yake irudi na msafiri, kwa kuwa bila karatasi hiyo tutakuwa na maneno matupu ya pande mbili.

Kwa wakazi wa ndani barua yaweza kuonekana ni kumdhalilisha rafiki. Basi fanyeni jepesi zaidi: kabla ufunguo haujabadilisha mkono, zungukeni chombo pamoja mbele ya jirani mmoja, mtazame taa, vioo, magurudumu na breki, na mtaje kwa sauti kinakwenda wapi, kitarudi lini, na nani ataendesha. Ukija kituoni, njoo na jirani huyo, livrete ya chombo, na fundi aliyekadiria matengenezo.