Utulivu wa Fikra na Wajibu wa Raia

Siku hizi katika nchi nyingi watoto wa shule za msingi hufundishwa zoezi la kutuliza fikra, yaani kukaa kimya, kufuata pumzi zao, na kusikiliza mlio mmoja mpaka uishe. Je, zoezi hilo laweza kumlea raia mwema?

Mwaka 2015 wataalamu wa Kanada walitoa habari za watoto 99 wa darasa la 4 na la 5. Kundi moja lilifuata masomo ya kawaida ya wajibu wa jamii. La pili lilifanya zoezi la pumzi dakika 3, mara 3 kwa siku, likatenda na matendo ya wema. Hili la pili lilizidi kwa huruma, na wenzao darasani waliwahesabu kuwa wasaidizi na waaminifu zaidi.

Lakini mwaka 2022 Uingereza ilionekana kuwa, kwa vijana zaidi ya 8,000 wa shule za sekondari, mafunzo ya utulivu hayakuleta afya ya akili kupita masomo ya kawaida. Basi naona kimya peke yake hakitoshi. Lazima kifuatwe na kazi.

Tutazame kwetu Kashikishi. Sheria ya Zambia hufunga uvuvi katika ziwa Mweru tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Tena chandarua cha mbu kikifanywa wavu huzoa hata vifaranga vya samaki. Mtoto aweza kuikariri sheria hiyo vizuri sana. Lakini siku mjomba atakapomwita wakavue kwa chandarua, na nyumbani hakuna kitoweo, kukariri hakutamfaa. Hapo yahitajiwa fikra iliyotulia, ipimayo njaa ya leo na njaa ya mwakani, na ulimi ujuao kumjibu mkubwa kwa adabu.

Ninyi mliotutangulia, ambao sasa ni walimu, jaribuni hivi: pigeni kengele mara moja, watoto wasikilize mpaka mlio uishe. Kisha waulizeni:

1. Umeona nini njiani leo?
2. Ni nani anayeumizwa nacho?
3. Sisi tutafanya nini kabla ya jua kuchwa?

Swali la 3 lisiachwe, maana ndilo limtoalo mtoto darasani na kumpeleka ufukoni.