Somo: Kwa Nini Uchungu wa Kuzaa Unalegea?

Hapa Lumumba wengine wakiona uchungu wa kuzaa umeanza na nguvu kisha umelegea, wanasema ni bulozi, ao mama huyu ni muvivu. Si hivyo. Soma hii pole pole, kisha umwelezee bwana yako na mama mukwe.

1. Kazi ya kalsiamu

Kalsiamu ndiyo inafanya mifupa kuwa migumu. Sehemu 99 kwa 100 iko ndani ya mifupa na meno. Ile kidogo inayobaki iko ndani ya damu, misuli na mishipa ya fahamu, nayo ina kazi kubwa. Ndani ya musuli kalsiamu ni kama amri: ikiingia, musuli unakaza, ikiondolewa, unalegea. Mwaka 1883 munganga Sydney Ringer wa London alionyesha kwamba moyo wa chura unahitaji kalsiamu ndani ya maji yake ili upige vizuri. Kizazi nacho ni musuli, kinafuata amri ileile.

2. Asidi inazuia amri

Musuli ukifanya kazi bila hewa ya kutosha, unatoa asidi. Ukipanda mulima mbio na bidoni ya maji, unasikia miguu inawaka na kuwa mizito. Kizazi kikikaza, kinabana mishipa yake ya damu. Kikilegea, damu inarudi, inaleta hewa na kuondoa asidi. Ndiyo maana mapumziko kati ya uchungu na uchungu si kupoteza wakati: ni dawa.

Lakini kazi ikiwa ndefu sana, asidi inajaa ndani ya chembe za musuli. Kalsiamu haiingii vizuri tena, na amri inakuwa dhaifu. Mwaka 2004 wachunguzi wa Liverpool, Uingereza, walipima damu ya kizazi cha wanawake waliopasuliwa. Wale ambao uchungu wao ulikuwa umelegea, damu yao ilikuwa na asidi zaidi.

3. Vidole kujikunja

Kuna mama anayehema mbio mbio kwa sababu ya maumivu. Yeye anatoa asidi nyingi kupita pumzi, na damu inabaki na asidi kidogo mno. Hapo kalsiamu inashikwa na protini za damu, na ile iliyo huru inapunguka. Mishipa ya fahamu inashituka ovyo: midomo inawasha kama sisimizi, vidole vinakazana na kujikunja. Wafaransa waliita mukono huo «mukono wa mukunga». Umushike bega, umwambie apumue pole pole pamoja nawe. Vidole vitafunguka.

Lakini angalia: mama akitetemeka mwili muzima na kupoteza fahamu, ao akiumwa kichwa sana na macho kuona giza, hiyo inaweza kuwa kifafa cha mimba ao dalili yake. Inaua. Mupeleke hospitali mara moja. Ukiwa na shaka, mupeleke vilevile.

4. Ufanye nini?

- Wakati wa mimba kula vyakula vyenye kalsiamu: maziwa, lenga-lenga, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa.
- Uchungu ukianza, kunywa maji, chai ya sukari ao uji mwepesi, kama mukunga hakukataza.
- Kati ya uchungu, pumzika. Usisukume mbele ya wakati.
- Usinywe dawa ya miti ya kuongeza uchungu. Inaweza kukaza kizazi bila mapumziko, mutoto akakosa hewa, kizazi kikapasuka.
- Saa 12 zikipita na mutoto hajazaliwa, usingoje asubuhi. Pengine kizazi kimechoka kwa sababu njia ni nyembamba ao mutoto amelala vibaya. Mukunga peke yake anaweza kupima na kujua.
- Damu ikitoka nyingi, usihesabu saa. Nenda sasa.
- Tafuta mapema mutu wa moto atakayekubali kukuchukua usiku, na uweke feza yake pembeni.

Maswali

Kwa nini mapumziko ni dawa? Mama anayejikunja vidole, utamusaidia namna gani? Na moto yako ya usiku, umekwisha kuongea na mwenyewe?